Kupiga msasa na kupuliza rangi ya gari nyumbani: hatua za kazi na hatari kwa mapafu

Mlango uliokwaruzwa na bodaboda, madigadi iliyogusa nguzo ya geti, boneti iliyochubuka kwa jua: kasoro kama hizi humpata karibu kila mwenye gari, na wengi huamua kuzimaliza wenyewe uani. Msasa unauzwa kwenye maduka ya vifaa, rangi huchanganywa dukani kwa namba, na kompresa inaweza kukodiwa. Makala haya yanaeleza kazi hiyo inavyofanyika hatua kwa hatua. Pia yanaeleza kwa nini sehemu moja, yaani kupuliza rangi au vanishi iliyochanganywa na hadina, haifai kufanyika nyumbani hata kama anayepuliza ni fundi mzoefu.

Kilichopo juu ya bati

Rangi ya kiwandani si tabaka moja. Bati la bodi huchovywa kwanza kwenye kinga ya kutu inayoshikizwa kwa umeme. Kisha huja praima, halafu rangi yenyewe, na juu kabisa vanishi isiyo na rangi ambayo mafundi huiita klia. Kwa magari mengi tabaka zote hizo kwa pamoja zina unene wa maikroni 100 hadi 150 hivi, yaani kama nywele mbili zikilazwa moja juu ya nyingine. Ndiyo maana msasa mkali ukipita mara chache tu kwenye kona ya boneti, bati linaonekana.

Kabla ya kununua chochote, osha sehemu iliyoharibika na upitishe ukucha juu ya mkwaruzo. Kama ukucha haukwami, mkwaruzo uko kwenye klia na huenda ukaondoka kwa kupolishi, bila rangi mpya. Kama ukucha unakwama na unaona rangi ya kijivu au nyeupe chini yake, umefika kwenye praima. Ukiona chuma au kutu, kazi ni ya kuanzia chini.

Namba ya rangi haikisiwi kwa macho. Kwenye magari ya Toyota yaliyotoka Japani iko kwenye kibati ndani ya chumba cha injini, mbele ya herufi C/TR. Namba 040 ni nyeupe, 202 ni nyeusi, na 1F7 ni ya fedha. Hata hivyo gari lililokaa juani miaka mingi huwa limepauka, na rangi iliyochanganywa kwa namba inaweza kutofautiana nalo. Wanaojua hufungua kifuniko cha tangi la mafuta na kwenda nacho dukani ili kulinganisha.

Usafi na kutu

Mafuta na nta huondolewa kabla ya msasa, si baada yake. Ukipiga msasa juu ya uchafu, unausukuma kwenye mikwaruzo na hautoki tena. Osha kwa sabuni, acha pakauke, kisha futa kwa dawa ya kuondoa mafuta ukitumia vitambaa viwili: cha kwanza cha kupaka, cha pili kikavu cha kufutia kabla dawa haijakauka. Polishi nyingi za matairi na dashibodi zina silikoni. Ikibaki kwenye bodi, rangi mpya hujitenga na kuacha vitundu vya mviringo ambavyo mafundi huvifananisha na macho ya samaki.

Kutu inahitaji uangalifu zaidi kwa walio karibu na bahari, kama Tanga, Dar es Salaam, Mtwara na Zanzibar, ambako hewa ina chumvi. Ikwanguliwe mpaka chuma king'ae. Puti iliyowekwa juu ya kutu itaonekana nzuri kwa miezi michache huku kutu ikiendelea kula bati chini yake. Kama bati limetoboka, hapo pana kazi ya kukata na kuchomelea, nayo ni ya fundi wa kunyoosha bodi. Chuma kilichobaki wazi kipakwe praima siku hiyo hiyo. Kikilala usiku kucha kwenye hewa yenye unyevu, kutu nyepesi huanza upya.

Puti na msasa

Puti ya magari huchanganywa na hadina yake kwa kiasi cha asilimia 2 hivi ya uzito, yaani gramu 2 za hadina kwa gramu 100 za puti. Kwenye joto huganda ndani ya dakika chache, kwa hiyo changanya kidogo kidogo. Kuongeza hadina ili kazi iende haraka hakuongezi uimara. Hadina iliyozidi inaweza kupenya na kuacha doa kwenye rangi baadaye. Unene wa puti ukishapigwa msasa usizidi milimita 3 hivi. Bonde lenye kina zaidi ya hapo linyooshwe kwanza kwa nyundo.

Ni kawaida kwenye gereji nyingi kuona ndoo ya maji kando ya fundi anayepiga msasa. Maji yanafaa kwa praima ngumu na kwa vanishi, lakini hayafai kwa puti. Puti hunywa maji kama chaki, na maji hayo yakifunikwa na rangi hutafuta njia ya kutoka. Matokeo yake ni malengelenge, na kutu inayoanzia ndani. Puti ipigwe msasa mkavu.

Namba ndogo ya msasa ni mkali, namba kubwa ni laini. Mpangilio wa kawaida ni namba 80 kuipa puti umbo, 180 kuondoa mikwaruzo ya 80, kisha 320 kabla ya praima. Praima ikikauka vizuri hulainishwa kwa namba 400 hadi 600. Ukiruka kutoka 80 hadi 400, mikwaruzo ya kwanza itaonekana chini ya rangi. Tumia kibao cha msasa kwenye sehemu bapa, kwa sababu vidole huchimba mifereji. Kujua kama pamenyooka, puliza vumbi jepesi la rangi nyeusi juu ya praima, kisha pitisha msasa. Patakapobaki peusi ni bondeni.

Vumbi la kazi hii ni la kujikinga nalo. Baadhi ya rangi za zamani, hasa za njano na nyekundu, zilitengenezwa kwa madini ya risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Vaa barakoa ya kuzuia vumbi ya daraja la N95 au FFP2, wazuie watoto wasifike eneo la kazi, na badilisha nguo kabla ya kumbeba mtoto.

Kupuliza

Chombo kinachorusha rangi kwa upepo kina asili ya ajabu kidogo. Mwishoni mwa karne ya 19 daktari wa Marekani, Allen DeVilbiss wa mji wa Toledo, Ohio, alitengeneza kifaa cha kupulizia dawa kooni. Mwanawe, Thomas DeVilbiss, aliiendeleza kanuni hiyo hadi kupata bomba la kupulizia rangi mwaka 1907. Kanuni haijabadilika: upepo hupasua kimiminika kuwa matone madogo sana. Matone hayo hufika kwa urahisi kwenye bati, na kwa urahisi huo huo kwenye koo na mapafu.

Chagua siku kavu isiyo na upepo, baada ya umande kuondoka. Rangi za NC, zinazokauka kwa thina kuruka tu, huweka ukungu mweupe kama maziwa zikipulizwa wakati wa mvua, kwa sababu thina inaporuka huipoza rangi na unyevu wa hewa hutua juu yake. Mwagia maji ardhini ili vumbi litulie. Funika vioo, taa na matairi.

Jaribu kwanza kwenye boksi. Umbali ni sentimita 15 hadi 20 kwa bomba la kompresa, na 25 hivi kwa kopo la spreyi. Anza kupuliza kabla ya kufika kwenye bodi na uachie baada ya kuipita. Mkono uende sambamba na bodi bila kupinda kama upinde, na kila mstari ufunike nusu ya ule uliotangulia. Tabaka tatu nyembamba ni bora kuliko moja nene, na kati ya tabaka subiri muda ulioandikwa kwenye kopo, mara nyingi dakika 10 hivi. Ukikaribia mno, rangi itatoa machozi. Ukiwa mbali, au rangi ikiwa nzito, itakauka na uso kama wa ganda la chungwa.

Hadina na pumu

Rangi za kupuliza magari ziko katika makundi mawili makubwa. Za kwanza hukauka zenyewe, kama NC na makopo mengi ya spreyi. Za pili, zinazojulikana kama 2K, huchanganywa na hadina muda mfupi kabla ya kupulizwa. Hizi hung'aa zaidi, hustahimili petroli na jua, na ndizo wateja wengi wanazozitaka. Tatizo ni kwamba hadina nyingi za rangi hizi zina kemikali ziitwazo isosayaneti. Kwenye lebo ya kopo neno hilo huandikwa isocyanate. Makopo ya spreyi yenye kitufe cha kubonyeza kwenye kitako kabla ya matumizi ni ya kundi hili pia.

Isosayaneti ni miongoni mwa vyanzo vikuu vya pumu ya kazini duniani. Mamlaka ya usalama kazini ya Uingereza, HSE, inakadiria kwamba wapuliza rangi za magari wana hatari ya kupata pumu mara 80 hivi kuliko wafanyakazi kwa ujumla. Mwili wa mtu unaweza kuvumilia kwa miezi au miaka, kisha siku moja ukaanza kuikataa. Baada ya hapo hata kiasi kidogo sana huweza kubana kifua. Dalili za mwanzo ni kikohozi, mluzi kifuani na kubanwa pumzi, mara nyingi jioni au usiku baada ya kazi, na kupata nafuu siku za mapumziko. Mwenye dalili hizo amweleze daktari kwamba anapuliza rangi, la sivyo atatibiwa mafua mara kwa mara.

Kitambaa na barakoa ya hospitali havizuii kemikali hii. Kinyago cha chujio la mkaa husaidia kwa mvuke wa thina, lakini kwa isosayaneti hakitoi onyo: ukungu wake ukiwa kwenye kiwango cha hatari hauna harufu, hivyo mtu hajui chujio limekwisha. Kinga inayotakiwa ni kinyago kinacholetewa hewa safi kwa mpira kutoka nje, ndani ya chumba chenye feni na vichujio. Ndevu huachia mwanya kwenye vinyago vya kubana uso. Na ukungu hubaki hewani hata usipoonekana, kwa hiyo kuvua kinyago mara tu baada ya kumaliza ni hatari pia.

Wapo wanaoamini kwamba kunywa maziwa baada ya kazi husafisha kifua. Maziwa huenda tumboni. Hayapiti kwenye mapafu, na hayaondoi kilichokwisha kuvutwa.

Moto na majirani

Mvuke wa thina ni mzito kuliko hewa. Hutambaa ardhini na unaweza kufika kwenye jiko la mkaa lililo mbali na unapopuliza, kisha moto ukarudi nao. Zima moto wote uani, usivute sigara, na weka kompresa mbali na ukungu wa rangi. Thina iliyobaki isimwagwe mtaroni wala karibu na kisima.

Nini ufanye, nini upeleke

Kwa anayetaka kuokoa fedha, mgawanyo wenye busara ni huu. Kuosha, kutoa kutu, puti, msasa na praima ya kopo isiyo na hadina ni kazi za nyumbani, mahali pa wazi na ukiwa na kinyago. Sehemu ndogo inaweza kumalizwa kwa spreyi ya kawaida, ukikubali kwamba haitadumu kama 2K. Ukitaka 2K, fungua boneti, madigadi au mlango wenyewe ukiwa umeshapigwa msasa, na uupeleke kwenye gereji yenye chumba cha kupulizia. Waulize wanavaa nini wanapopuliza, kwa sababu fundi naye ana mapafu.

Kama umeamua kubadilisha rangi ya gari zima, kumbuka kwamba nchini Tanzania rangi imeandikwa kwenye kadi ya gari. Badiliko hilo linapaswa kufikishwa TRA ili kumbukumbu zirekebishwe.