Ng'ombe wa Rambirambi

Wako wanaodhani kwamba fahari ya taifa ni kutohurumiwa. Taifa lenye hadhi, wanasema, hujifuta machozi lenyewe. Hoja hiyo niliisikia mara nyingi katika miaka niliyofundisha chuo cha ualimu. Naiona ina kasoro, na ushahidi wangu ni misiba miwili.

Ijumaa tarehe 7 Agosti 1998 mabomu yalilipuka karibu kwa wakati mmoja kwenye balozi za Marekani mjini Nairobi na Dar es Salaam. Nairobi walikufa watu zaidi ya 200, na Wamarekani kati yao walikuwa 12. Dar es Salaam walikufa watu 11, wala hapakuwa na Mmarekani hata mmoja. Ugomvi ulikuwa wa wengine, matanga yakawa yetu.

Salamu za rambirambi zilikuja kutoka nje. Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, Madeleine Albright, alifika katika miji yote miwili tarehe 18 Agosti. Siku mbili baadaye nchi yake ilirusha makombora Afghanistan na Sudan. Sisi walimu tuliulizana: je, wanatulilia sisi, au wanalilia majengo yao? Swali hilo halikuwa utovu wa shukrani. Mfiwa ana haki ya kutaka marehemu wake ahesabiwe kwa jina lake, si kama mpita njia aliyepatwa na ajali ya wakubwa.

Kisha ikaja tarehe 11 Septemba 2001, na Marekani ikapoteza watu karibu 3,000. Kijana wa Kimasai aliyekuwa akisoma huko, Wilson Kimeli Naiyomah, alikuwa New York siku ile. Aliporudi kwao Enoosaen, ng'ambo ya mpaka wetu wa Mara, aliwasimulia wazee. Mwezi Juni 2002 Wamasai hao walimkabidhi naibu balozi wa Marekani ng'ombe 14, wawe pole yao kwa wafiwa.

Wako waliocheka: taifa tajiri namna ile litafanya nini na ng'ombe 14? Kweli, hawakusafirishwa, walibaki kulekule Enoosaen. Lakini sisi wa Mara, tuwe Wakurya, Wazanaki au Waikizu, hatuna sababu ya kucheka. Kwetu ng'ombe ni mahari, ni akiba, ni heshima ya mji. Watu wameuana kwa ajili yake. Anayekutolea ng'ombe zizini mwake hakupi makombo.

Ndugu msomaji, angalia jambo moja. Wazee wale walikuwa raia wa Kenya, nchi iliyozika zaidi ya watu 200 miaka minne tu kabla. Hawakuuliza kama wao walililiwa vya kutosha, wala hawakupima utajiri wa mfiwa. Walitoa kile ambacho wao wenyewe wangefarijika kukipokea.

Hiyo ndiyo fahari ninayoitambua. Anayetoa pole kwa namna hiyo hasimami juu ya mfiwa wala chini yake. Huketi naye kwenye mkeka mmoja. Na taifa linaloweza kuketi hivyo msibani kwa wengine halina sababu ya kuona haya wengine wanapokuja kuketi kwenye msiba wake.