Viwanja vya Nairobi: Rangi, Kabila na Timu za Kenya

Mgeni akienda kutazama Gor Mahia ikicheza na AFC Leopards, ataambiwa kwamba hii ni timu ya Wajaluo na ile ni ya Waluhya, na kwamba pambano lao huitwa la mashemeji kwa sababu makabila hayo mawili yameoleana tangu zamani. Pengine ataambiwa pia kwamba mambo yamekuwa hivyo siku zote. Hilo la mwisho si kweli. Timu hizo zilizaliwa na matukio yaliyofuatana kwa miaka mingi, na mengi ya matukio hayo hayakutokea uwanjani. Anayetaka kuyaelewa hana budi kuanza na rangi kabla ya kufika kwenye kabila.

Reli kutoka Mombasa ilifika Nairobi mwaka 1899, na mji ulioota kandokando yake ulipangwa kwa rangi. Wazungu walichukua miinuko ya magharibi yenye miti na hewa baridi; Wahindi wakakaa Ngara, Pangani na baadaye Parklands; Waafrika wakasukumwa upande wa mashariki, Pumwani na kwenye landhi za reli kule Muthurwa. Mwafrika hakuhesabiwa kuwa mwenyeji wa mji. Alihesabiwa kuwa kibarua aliyeazimwa kutoka kijijini, na sheria ya kipande (hati ya utambulisho aliyopaswa kutembea nayo) iliyoanza kutekelezwa kwa nguvu mwaka 1920 ilihakikisha kwamba anaweza kuulizwa wakati wowote anamfanyia nani kazi.

Michezo iliufuata mpango huo. Klabu ya siku zile haikuwa uwanja tu: ilikuwa mahali pa kula, kunywa, kupata rafiki wa kazi na hata mchumba, kwa hiyo kumfungulia mtu mlango wa klabu kulikuwa sawa na kumkubali nyumbani. Mwaka 1910 watumishi wa serikali walianza kushindana na walowezi katika kriketi, Wazungu kwa Wazungu. Mwaka 1933 yakaanza mashindano kati ya Wazungu na Wahindi, na rangi yenyewe ikawa ndiyo jina la timu. Hata hivyo tusidhani kwamba ndani ya kila rangi kulikuwa na umoja. Masingasinga walikuwa na klabu yao, Waismaili yao, na Wagoa, ambao idadi yao haikuwa kubwa, waligawanyika hata wenyewe kwa wenyewe, makarani huku na mafundi cherehani kule. Serikali iligawa watu kwa rangi, na watu wakaendelea kujigawa kwa dini, asili na kazi.

Kwa Waafrika mchezo mkuu ulikuwa mpira wa miguu, na uliingia kwa njia mbili. Njia ya kwanza ilikuwa shule za misheni, hasa magharibi ya nchi. Maseno ilianzishwa mwaka 1906, na Carey Francis, mwalimu Mwingereza aliyeiongoza kuanzia mwaka 1928 kabla ya kuhamia shule ya Alliance, aliupenda mpira na kuutumia kufundisha nidhamu. Njia ya pili ilikuwa kazi: reli, bandari, polisi na manispaa. Mwaka 1926 Kenya na Uganda zilianza kushindania Kombe la Gossage, lililotolewa na kampuni ya sabuni, na Tanganyika ikajiunga mwaka 1945. Wakoloni waliupenda mchezo huu kwa sababu iliyo wazi: ulimpa kibarua jambo la kufanya Jumamosi jioni ambalo si siasa. Chama kilichosimamia michezo hii kiliitwa Chama cha Michezo cha Waarabu na Waafrika. Jina hilo lilisema waziwazi ni nani aliyekuwa nje.

Hapa ndipo kabila linapoingia, na ndipo wanaoisimulia historia hii wanapoanza kutofautiana. Wako wanaosema kwamba ni mkoloni aliyewagawa Waafrika kwa makabila ili awatawale. Wako wanaosema kwamba ukabila wa mpira ni kazi ya wanasiasa wa baada ya uhuru, waliohitaji umati wa kuwapigia makofi. Maelezo ya tatu, ambayo mimi nayapa uzito mkubwa zaidi, yanaanza na maisha ya kila siku ya mhamiaji.

Fikiria kijana aliyeshuka kwenye gari moshi akitoka Kisumu au Kakamega katika miaka ya 1930. Mshahara wake haumtoshi kuleta mke. Chumba chake analala na wenzake watano. Akifukuzwa kazi hana pa kushtaki, na akifa, maiti yake lazima isafirishwe mwendo wa zaidi ya kilomita 300 ikazikwe kwao. Serikali haikujali lolote kati ya hayo. Waliojali walikuwa watu wa kwao: waliomwonyesha kitanda, waliomtambulisha kwa mnyapara, waliochanga fedha za matanga. Kutokana na kuchangiana huko zikazaliwa jumuiya za ustawi, kubwa kati yao ikiwa Luo Union, ambayo Oginga Odinga aliiongoza katika miaka ya 1950. Jumuiya ilipokuwa na mkutano, sanduku la fedha na vijana, haikuchukua muda kuwa na timu. Mechi ilikusanya watu, na watu waliokusanyika walichanga.

Maelezo ya mkoloni yanaweza kupimwa kwa kuitazama Dar es Salaam. Mwingereza alitawala huko pia, lakini Young Africans ya mwaka 1935 na klabu iliyojitenga nayo mwaka 1936, ambayo hatimaye iliitwa Sunderland na tangu 1971 Simba, hazikugawanyika kwa kabila. Ziligawanyika kwa mtaa, kwa urafiki na kwa ugomvi wa wenyewe kwa wenyewe. Dar es Salaam ulikuwa mji wa pwani wenye Kiswahili na desturi za mjini zilizompokea mgeni, na hakukuwa na makabila mawili au matatu ya bara yaliyoujaza kwa wingi unaolingana. Mkoloni basi aliandaa mazingira, lakini mazingira peke yake hayakutosha.

Kuna tukio moja ambalo husahaulika wanapozungumza wapenzi wa mpira, nalo ni Operesheni Anvil. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952 kwa sababu ya uasi wa Mau Mau dhidi ya wakoloni. Tarehe 24 Aprili 1954 majeshi ya Uingereza yaliizingira Nairobi, yakawachuja Wakikuyu, Waembu na Wameru mtaa kwa mtaa, na watu zaidi ya 20,000 wakapelekwa kizuizini. Nafasi zao za kazi na vyumba vyao vikachukuliwa na wengine, wengi wao kutoka Nyanza na magharibi. Watu huuliza kwa nini Wakikuyu, ambao ndio wengi na ambao nchi yao inapakana na mji, hawakuwa na klabu ya kulingana na hizo mbili. Wengine hujibu kwamba hawakupenda mpira. Jibu hilo ni jepesi mno. Jumuiya inahitaji miaka ya amani ili ijenge timu, na katika miaka hiyohiyo ambayo wenzao walikuwa wakikusanyika katika mitaa ya Kaloleni na Makongeni, vijana wa Kikuyu walikuwa kambini nyuma ya seng'enge. Tena, yule ambaye nyumbani kwake ni mwendo wa saa chache hahitaji sana jumuiya ya kumsafirishia maiti.

Uhuru ulipokuja Desemba 1963, haikuwa imeamuliwa bado kwamba mpira utakuwa wa makabila. Ligi ya taifa ilianza mwaka huo, na bingwa wa kwanza alikuwa Nakuru All Stars, timu ya mji. Mwaka 1964 ubingwa ulikwenda kwa Luo Union, na 1965 kwa Feisal ya Mombasa. Lakini Machi 1964 vilabu vidogo vya Marama, Samia, Bunyore, Tiriki na vingine viliungana kuwa Abaluhya. Muungano huo unastahili kuangaliwa vizuri, kwa sababu Waluhya wenyewe kama kabila moja lilikuwa jambo la juzi tu: jina hilo lilipata nguvu katika miaka ya 1930 na 1940, likikusanya jamii nyingi ambazo awali kila moja ilijitambua kivyake. Timu haikutokana na kabila lililokuwa tayari limekamilika. Ilisaidia kulikamilisha. Kijana wa Marama na kijana wa Tiriki, waliokuwa wapinzani, sasa walimshangilia mtu mmoja, na hapakuwa na mkutano wa siasa ambao ungeweza kufanya kazi hiyo haraka vile. Abaluhya ilitwaa ubingwa mwaka 1966 na 1967.

Wajaluo walijibu. Februari 1968 Luo Union na Luo Stars ziliungana, zikajiita Gor Mahia, jina la mganga mashuhuri katika simulizi za Wajaluo, na klabu mpya ikawa bingwa mwaka huohuo. Siasa nayo ilikuwa imechemka. Odinga alikuwa ameondoka serikalini mwaka 1966. Tom Mboya, waziri Mjaluo ambaye kuundwa kwa klabu hiyo kunahusishwa naye, aliuawa Julai 1969. Na kabla ya mwaka kwisha chama cha Odinga, KPU, kilikuwa kimepigwa marufuku. Kwa Mjaluo wa Nairobi, uwanja ulibaki kuwa moja ya mahali pachache ambapo angeweza kukaa na wenzake maelfu na kupaza sauti bila kibali cha mkuu wa wilaya. Maelezo ya wanasiasa yana ukweli kwa kiasi hiki: siasa haikuumba timu hizo, ila iliwafanya watu wazishike kwa nguvu zaidi.

Wakati huohuo kundi jingine lilikuwa likijifunza kwamba kuiletea nchi sifa si dhamana ya kukubaliwa nayo. Seraphino Antao, Mgoa wa Mombasa, alishinda mbio za yadi 100 na 220 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Perth mwaka 1962, na Kenya ilipoingia Olimpiki ya Tokyo mwaka 1964 kama nchi huru, ndiye aliyebeba bendera. Timu ya magongo, karibu yote ikiwa ya Masingasinga na Wagoa, ilikuwa miongoni mwa bora duniani. Chini ya Avtar Singh Sohal ilishika nafasi ya nne katika Kombe la Dunia la Barcelona mwaka 1971. Lakini sheria ya uhamiaji ya Kenya ya mwaka 1967 ilimtaka asiye raia awe na kibali cha kazi, na mwaka 1968 Uingereza ikawafungia mlango wengi waliokuwa na pasi zake. Familia zikahama, wengine wakiwahi Uingereza, wengine Kanada na Australia. Magongo ya Kenya hayakurudi tena pale yalipokuwa. Mchezo ule ulikuwa umelelewa ndani ya shule na klabu za jamii zilizofungwa, na jamii zilipoondoka ziliondoka na mchezo wao.

Mwaka 1980 serikali ya Rais Daniel arap Moi iliamua kuzivunja jumuiya za kikabila, zikiwemo GEMA ya Wakikuyu, Waembu na Wameru na Luo Union, na vilabu vikaamriwa kuacha majina ya makabila. Abaluhya ikawa AFC Leopards. Klabu ya Luo Union, iliyokuwa imejitokeza tena baada ya muungano wa 1968, ikawa Re-Union. Gor Mahia ilijieleza kwa muda kuwa Gulf Olympic Rangers, kisha ikarudia jina lake. Wanaoitetea amri hiyo husema ilipunguza chuki. Wanaoilaumu husema Moi alikuwa akiondoa ngome za wapinzani wake. Naona wote wana sehemu ya haki, lakini matokeo yenyewe ni dhahiri: wachezaji walikuwa walewale, mashabiki walewale, na Leopards ikatwaa Kombe la Klabu la Afrika Mashariki na Kati mara tatu mfululizo, 1982, 1983 na 1984, ikishangiliwa kwa Kiluhya. Amri iligusa jina na haikugusa chumba cha Kaloleni wala mchango wa matanga.

Mwaka 1987 ulionyesha jambo ambalo amri haikuweza kulifanya. Gor Mahia ilitoka sare ya 2–2 na Espérance mjini Tunis, kisha 1–1 Nairobi, ikatwaa Kombe la Washindi la Afrika kwa mabao ya ugenini, na mchezaji wake Peter Dawo akawa shujaa wa nchi nzima. Waliosherehekea hawakuwa Wajaluo peke yao. Hakuna klabu nyingine ya Kenya iliyowahi kutwaa kombe la bara.

Kriketi, mchezo ulioanza kwa kubagua kuliko yote, ilipita njia nyingine. Wahindi waliobaki baada ya miaka ya 1960 walikuwa wachache mno kujaza timu, na vijana wa Kiafrika wakaanza kupokewa katika klabu zao za Nairobi. Haikuwa hisani tupu, klabu zilihitaji wachezaji. Tarehe 29 Februari 1996, mjini Pune, India, katika Kombe la Dunia, Kenya ilipata mikimbio 166 na kuwatoa West Indies wote kwa 93. Nahodha alikuwa Maurice Odumbe, na pamoja naye walikuwemo Steve Tikolo, Asif Karim, Hitesh Modi na Rajab Ali. Mwaka 2003 Kenya ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia. Lakini wachezaji hao walitoka katika familia na klabu chache za mji mmoja, shule za umma hazikuufundisha mchezo huo kwa wingi, na kizazi kile kilipostaafu hakikupata warithi.