Paking za treni kugeuzwa nyumba: yanayoendelea kwenye vituo vya BART, California

Wadau, huku ninakoishi Oakland kuna ubishi usioisha: viwanja vya kuegesha magari kwenye vituo vya treni vibaki vya magari, au vijengwe nyumba? Naweka habari yote mahali pamoja, maana kila mtu anashika kipande chake tu.

Treni zenyewe zinaitwa BART. Zilianza kubeba abiria Septemba 1972, na leo zinaunganisha San Francisco, Oakland na miji ya pembezoni. Waliozipanga walimfikiria mtu anayekaa mbali: atoke na gari, aliache kituoni, apande treni kwenda kazini. Ndiyo maana vituo vingi vya nje ya mji vimezungukwa na lami tupu. Pengine lami hiyo ilikuwa makazi ya watu. Kule North Berkeley nyumba zilibomolewa ili paking ipatikane.

Tupige hesabu kidogo. Gari moja, ukijumlisha na njia ya kupita, linakula kama mita za mraba 30. Ekari moja ina mita za mraba 4,000 na ushee, kwa hiyo inabeba magari 130 hivi. Ekari hiyo hiyo ukijenga ghorofa unapata nyumba 75 au zaidi. Gari linashinda pale mchana, jioni linaondoka. Familia inakaa usiku na mchana.

Mfano unaotajwa sana ni Fruitvale, mtaa wa Oakland wenye Walatino wengi. Mwaka 1991 BART walitaka kujenga pale ghorofa la kuegesha magari. Wakazi wakakataa, wakiongozwa na shirika la Unity Council na kiongozi wake Arabella Martinez. Walisema jengo lile lingeutenga mtaa na kituo. Baada ya vikao vya miaka, mwaka 2004 ikafunguliwa Fruitvale Village: maduka, zahanati, maktaba na fleti 47. Arobaini na saba tu! Ghorofa la magari nalo likajengwa vile vile, pembeni. Fleti nyingine 94 za watu wa kipato kidogo, Casa Arabella, zikaja kufunguliwa 2019.

Mbona polepole hivyo? Sababu ziko kadhaa, lakini moja watu huisahau. Kwa miaka mingi BART walikuwa na kanuni kwamba ukiondoa nafasi moja ya gari, urudishe moja. Nafasi kwenye lami ni rahisi, lakini kwenye ghorofa inataka zege na nondo, maelfu ya dola kwa kila gari. Hela hiyo ilitoka kwenye mradi huo huo, kwa hiyo zinazopungua ni zile nyumba nafuu. Kanuni ililegezwa miaka ya 2000.

Mwaka 2016 BART walijiwekea lengo la nyumba 20,000 kwenye ardhi yao ifikapo 2040, kati yake 7,000 nafuu. Mwaka 2018 ikapita sheria ya jimbo, AB 2923, inayoilazimisha miji kuruhusu nyumba zisizopungua 75 kwa ekari kwenye ardhi ya BART iliyo karibu na vituo. Berkeley ikabidi ikubali ghorofa saba kwenye vituo vyake viwili, Ashby na North Berkeley.

Wapo wanaopinga kwa sababu hawataki ghorofa liwafunikie jua. Hao siwalilii sana. Ila yupo dada anayetunza wazee San Francisco, amehamia Antioch kwa sababu pango la mjini limemshinda, na alfajiri hana basi la kumfikisha kituoni. Huyo ukimnyang'anya paking umemwadhibu mara mbili. Kwa maoni yangu, vituo vya mwisho wa reli vibakishe sehemu ya magari mpaka mabasi yawepo kweli. Vya katikati ya mji havina kisingizio, hasa baada ya janga la 2020: kabla yake BART walibeba abiria zaidi ya 400,000 kwa siku ya kazi, na mwaka 2023 hata nusu hawakufika. Viwanja vingi vilivyokuwa vikijaa asubuhi vikabaki wazi.

Kwa hiyo mradi ukija mtaani kwako, uliza mambo matatu. Nafasi ngapi za magari zinarudishwa, na nani analipa? Ardhi inauzwa moja kwa moja au inakodishwa, ili ibaki mali ya umma? Na hizo "nafuu" ni za kipato gani? Kiwango cha chini ni asilimia 20, lakini huku "nafuu" hupimwa kwa kipato cha eneo zima, na eneo hili lina matajiri wengi. Mfagizi anaweza kusoma tangazo la nyumba nafuu na bado asiweze kulipa kodi yake.

Nyumba zisizokaliwa na wanaopanda treni hiyo kila siku zitakuwa zimewaondolea paking bure. Nawakilisha. Mlioko huku na mnaotumia vituo hivi, semeni mnavyoona.