Kinga ya Meno ya Usiku: Kifaa Kilichodumu Kuliko Nadharia Zake

Kinga ya meno ya usiku ni kifuniko chembamba cha plastiki ambacho mtu anayesaga meno usingizini hukivaa juu ya meno yake, mara nyingi ya taya la juu. Unene wake kwenye magego kwa kawaida ni milimita 2 hivi. Kazi yake ni kuliwa badala ya jino, kwa kuwa enameli ikishalika hairudi, ilhali plastiki hutengenezwa upya. Kifaa hiki kimekuwapo kwa zaidi ya miaka 100 na umbo lake halijabadilika sana. Kilichobadilika, tena zaidi ya mara moja, ni maelezo ya kwa nini kinasaidia, na mengi ya maelezo hayo yamekuja kuonekana kuwa na kasoro.

Kusaga meno kwenyewe ni jambo la kale. Katika Injili ya Mathayo kumetajwa mara kadhaa kama dalili ya uchungu na majuto, lakini huko ni kusaga kwa mtu aliye macho. Kule kwa usingizini kulitafutiwa sababu nyingine, na hasa kwa watoto lawama iliangukia minyoo. Imani hiyo ipo Afrika Mashariki, ipo pia Uturuki, Pakistani na Meksiko, na mzazi hadi leo anaweza kununua dawa ya minyoo kwa sababu tu amesikia mkwaruzo wa meno usiku wa manane. Wazo la kuweka kitu kati ya meno ya juu na ya chini halikuweza kwenda mbali, kwa sababu hapakuwa na kitu cha kuweka. Meno bandia ya Ulaya na Marekani katika karne ya 18 yalichongwa kwa pembe za ndovu na meno ya kiboko. Hata George Washington alivaa ya namna hiyo. Pembe huchongeka, lakini kuichonga hadi ishike kila mwinuko na kila bonde la meno mazima ya mtu ni kazi isiyo na mwisho.

Njia ilifunguliwa na mpira. Mwaka 1844 Charles Goodyear alipata hataza nchini Marekani ya kupika mpira pamoja na salfa ili usiyeyuke kwa joto wala kupasuka kwa baridi, na mwaka 1851 ndugu yake Nelson akapata hataza ya mpira mgumu, uliokuja kuitwa vulkanaiti. Mafundi wa meno waliuona mara moja kuwa ni wao. Mpira mbichi wenye salfa ulishindiliwa ndani ya kalibu ya plasta, kalibu ikafungwa ndani ya chombo cha chuma, chombo kikapikwa kwa mvuke wa shinikizo kwenye joto la nyuzi 160 hivi za selsiasi kwa muda wa saa moja. Kilichotoka kilikuwa kigumu, chepesi, na kilifuata umbo la kinywa kwa usahihi ambao pembe haikuwahi kuufikia. Rangi yake ya asili ilikuwa ya kahawia iliyokolea. Ili kifanane na ufizi kilitiwa rangi nyekundu ya zebaki na salfa, jambo ambalo leo hakuna daktari angelikubali.

Faida kubwa huvuta ugomvi, na huu ulimwaga damu. Kampuni ya Goodyear Dental Vulcanite ilimiliki hataza ya mwaka 1864 iliyohusu vitako vya meno bandia vya vulkanaiti, na mweka hazina wake, Josiah Bacon, alizunguka Marekani nzima akiwashtaki madaktari wa meno waliotumia mpira huo bila kulipia leseni. Mwezi Aprili 1879 alipigwa risasi na kufa katika hoteli moja ya San Francisco. Aliyemuua alikuwa daktari wa meno, Samuel Chalfant, mmoja wa aliokuwa akiwafuatilia mahakamani. Hataza hiyo ilikwisha mwaka 1881, na tangu hapo vulkanaiti ikawa mali ya kila mwenye chombo cha kuipikia.

Wakati kesi hizo zikiendelea, vulkanaiti ilikuwa imekwisha kupata kazi nyingine. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya 1861 hadi 1865, askari wengi walivunjwa taya kwa risasi. Thomas Gunning upande wa Kaskazini na James Baxter Bean upande wa Kusini, kila mmoja kwa njia yake, walitengeneza gango la vulkanaiti lililokumbatia meno ya juu na ya chini na kuyashikilia hadi mfupa uunge. Mgonjwa maarufu kuliko wote wa Gunning alikuwa William Seward, waziri wa mambo ya nje, aliyevunjika taya alipoanguka kutoka kwenye gari la farasi Aprili 1865, na siku chache baadaye akachomwa kisu kitandani usiku uleule aliouawa Abraham Lincoln. Gango la Gunning halikuhusiana na kusaga meno hata kidogo. Lakini ndani yake mlikuwa na kila kitu kinga ya usiku ingehitaji: chapa ya meno ya mtu mmoja, sanamu ya plasta, na kifuniko kinachokaa juu ya meno bila kung'oka. Mwishoni mwa karne hiyo, jijini London, daktari Woolf Krause alichukua wazo la jamii hiyohiyo na kuwakinga mabondia midomo kwa vipande vya gutapecha, utomvu wa miti ya Malaya unaolainika kwenye maji ya moto.

Aliyeyaleta haya kwa msagaji wa usiku ni Moritz Karolyi, daktari wa meno jijini Vienna. Mwaka 1901 alichapisha uchunguzi wake juu ya wagonjwa ambao fizi zao zilitoa usaha na meno yao yakalegea. Kwa maoni yake chanzo kilikuwa mgandamizo: watu hawa walibana na kusaga meno usiku bila kujua, na mizizi ikachoka kuubeba mzigo huo. Tiba aliyoipendekeza ilikuwa kufunika magego kwa vifuniko vya vulkanaiti ili meno yasikutane moja kwa moja. Kuhusu fizi Karolyi alikosea, maana ugonjwa huo huletwa na bakteria wanaojikusanya kwenye utando wa meno. Hata hivyo kifuniko chake kilibaki, na nadharia yake ndiyo iliyoachwa.

Mambo yaliendelea kwenda hivyo. Mwaka 1907 madaktari wawili wa Ufaransa, Marie na Pietkiewicz, waliieleza tabia ya kusaga meno kama aina ya wazimu. Mwaka 1931 Bertrand Frohman aliisogeza kabisa upande wa nafsi: msagaji ana hasira au wasiwasi uliokosa pa kutokea mchana. Miaka mitatu baadaye James Costen, daktari wa masikio huko St. Louis, alidai kwamba maumivu ya sikio, mvumo na kizunguzungu hutokana na taya lililozama kwa sababu ya magego yaliyong'oka, nalo likabana neva na mishipa iliyo karibu. Madaktari wakaanza kutengeneza vifuniko vya kuinua taya. Harry Sicher, mwanaanatomia wa Chicago, alionyesha mwaka 1948 kwamba kiungo cha taya hakikai kwa namna ya kuweza kubana neva hizo. Wagonjwa kadhaa, pamoja na hayo, walikuwa wamepata nafuu, na kifuniko kikaendelea kuagizwa.

Kinga kama inavyofahamika leo ilitokea pale vulkanaiti ilipoipisha akriliki, iliyoingia katika kazi za meno katikati ya miaka ya 1930. Akriliki huwa angavu, hung'arishwa vizuri, na ikizidi huchongwa mbele ya mgonjwa. Mfano uliosambaa kuliko yote ulitoka Chuo Kikuu cha Michigan, kwa Sigurd Ramfjord, aliyezaliwa Norwe, na mwenzake Major Ash. Hufunika meno yote ya juu, na upande unaoguswa na meno ya chini ni bapa na laini, bila mashimo ya kunasa ncha za magego. Pembeni kuna miinuko miwili midogo kwenye chonge: taya likisogea kulia au kushoto, chonge ya chini hupanda mwinuko huo na magego yanaachana. Daktari humwumisha mgonjwa karatasi ya rangi iliyo juu ya plastiki, hutazama madoa, huchonga doa lililokolea kupita mengine, kisha humwumisha tena, hadi kila jino la chini liache alama yake na hakuna linalobeba zaidi. Kazi hii ya dakika 20 au 30 ndiyo inayoitenganisha kinga nzuri na kipande cha plastiki cha kutupwa kwenye droo baada ya wiki moja.

Ramfjord mwenyewe alikuwa na nadharia. Mwaka 1961, baada ya kupima umeme wa misuli ya kutafuna, aliandika kwamba chanzo kikuu ni meno yasiyokutana sawasawa: ncha moja ndefu kupita kiasi huichokoza misuli, nayo husaga ili kuiondoa. Tiba iliyofuata ilikuwa kuchonga meno ya mgonjwa yenyewe. Katika sehemu hii ya historia ndipo wagonjwa walipoumizwa zaidi, maana enameli nzima ya watu wengi ilipunguzwa kwa mashine ya kuchongea ili kuzuia isipungue usiku. Mwaka 1984 John Rugh na wenzake walifanya jaribio la kinyume: waliwavisha watu kofia za meno zilizoinuliwa makusudi. Kama nadharia ingekuwa kweli, kusaga kungezidi. Kwa wengi kulipungua.

Jibu lilitafutwa katika usingizi wenyewe. Tangu miaka ya 1960 maabara za Marekani zilikuwa zikiwalaza wasagaji huku wakipimwa ubongo na misuli, na baadaye Gilles Lavigne na wenzake huko Montreal walilifikisha jambo mbali zaidi. Waligundua kwamba sekunde chache kabla ya taya kuanza kusaga, ubongo huamka kidogo na moyo huongeza mapigo, bila mtu mwenyewe kuamka. Misuli ya taya hufuata. Mwendo huohuo wa taya, bila mkwaruzo wa meno, ulionekana pia kwa zaidi ya nusu ya watu wasiosaga. Yaani msagaji hafanyi jambo geni. Anafanya la kawaida kwa wingi na kwa nguvu. Nguvu hiyo ilipimwa katika Chuo Kikuu cha Tokushima, Japani, na kinga yenyewe ndiyo iliyotumika kama mizani, ikiwa imefichwa vihisio ndani ya plastiki. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha kilele cha kilo 81 kwa mtu mmoja aliyelala, na baadhi ya waliopimwa walizidi usiku nguvu zao wenyewe za kuuma kwa makusudi mchana.

Kwa hiyo kinga haiwezi kutegemewa kukomesha kusaga. Hilo lilidokezwa mapema na vipimo vya mwaka 1979: kwa karibu nusu ya wagonjwa misuli ilitulia walipovaa kinga, kwa wengine hakikubadilika kitu, na kwa wachache ikachachamaa zaidi. Huko Montreal kifaa kilichofunika kaakaa tu, bila kugusa sehemu za kutafunia, kilipunguza kusaga sawasawa na kinga kamili. Jijini Amsterdam hakuna kati ya viwili hivyo kilichosaidia. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2007 yalihitimisha kwamba ushahidi wa kinga kutibu usagaji wa usingizini hautoshi, ila huenda ikafaa kuzuia meno yasilike. Mwaka 2018 kundi la wataalamu wa mataifa mbalimbali lilikwenda hatua nyingine na kusema kwamba kwa mtu mwenye afya kusaga meno si ugonjwa. Ni tendo la misuli ambalo linaweza kuleta madhara au lisilete.

Siku hizi chapa ya meno huchukuliwa kwa kamera ndogo badala ya ute wa alginati, na kinga huchongwa au kuchapwa na mashine bila fundi kushika plasta. Zipo pia za bei nafuu zinazolainishwa kwa maji ya moto na kuumwa nyumbani. Hizo ni laini, hutoboka upesi, na baadhi ya watu huzitafuna. Zile ndogo zinazoshika meno ya mbele peke yake zina hatari mbili: kumezwa au kuvutwa kwenye njia ya hewa, na kuyaacha magego yasogee hadi yasikutane vizuri tena. Hatari nyingine iligusa hata kinga kamili. Mwaka 2004 maabara ya Montreal iliripoti kwamba miongoni mwa wagonjwa wachache ambao pumzi hukatika usingizini, baadhi walizidiwa walipovaa kinga ya taya la juu. Ndiyo maana daktari makini, kabla ya kuchukua chapa, huuliza kwanza kuhusu kukoroma na uchovu wa asubuhi, na dalili zikiwapo humpeleka mgonjwa kupimwa usingizi kabla ya kumtengenezea chochote.