Debe: Historia ya Kopo Tupu na Swali la Kipimo cha Haki Katika Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya debe, kopo la bati lililoingia Afrika Mashariki likiwa limebeba mafuta ya taa, likabaki kuwa chombo cha maji, malighafi ya mafundi, kipimo cha nafaka na neno lenye maana nyingi. Hoja kuu ni kwamba debe halikupata hadhi yake kutoka kwa kiwanda kilicholiunda, bali kutoka kwa watumiaji waliolitwisha kazi mpya. Aidha, makala yanaonesha kwamba debe lilipofanywa kipimo liliibua swali ambalo bado linaulizwa sokoni: ni nani mwenye mamlaka ya kusema kwamba chombo kimejaa?

1.0 Utangulizi

Vitu vinavyohifadhiwa katika makumbusho ya pwani ya Afrika Mashariki kwa kawaida ni vitu vya fahari: siwa za shaba na pembe, milango ya nakshi, kauri zilizotoka ng'ambo. Vitu hivi hueleza vyema maisha ya wenye majumba ya mawe. Havielezi sana maisha ya mchota maji, mchumaji wa kahawa au mama anayeuza mahindi kando ya barabara. Historia ya watu hao imo katika vitu ambavyo hakuna aliyeona haja ya kuvitunza, kwa kuwa vilikuwa vingi na rahisi kupatikana.

Debe ni mfano mzuri wa vitu hivyo. Kwa zaidi ya karne moja limekuwamo katika nyumba, mashamba na masoko ya eneo hili, na leo linatoweka taratibu huku jina lake likiendelea kutumika. Makala haya yanafuata safari yake katika hatua nne: kuingia kwake, matumizi yake mapya, kugeuka kwake kuwa kipimo, na makazi yake katika lugha.

2.0 Kopo Lililokuja na Mafuta

Kabla ya mafuta ya taa kuenea, taa za pwani ziliwashwa kwa mafuta ya mimea kama vile nazi na ufuta. Hali ilianza kubadilika baada ya kisima cha mafuta kuchimbwa Titusville, Pennsylvania, mwaka 1859, na Marekani kuanza kuuza mafuta ya taa duniani kote. Kwa safari za mbali, mafuta hayo yalitiwa katika makopo ya bati ya galoni tano za Kimarekani, yaani karibu lita 19, na makopo mawili yakafungwa katika sanduku moja la mbao. Kila kopo lilikuwa na kitako cha mraba cha takribani sentimeta 24 kila upande na kimo cha takribani sentimeta 35. Umbo hilo la pembe nne lilichaguliwa ili makopo yapangwe melini bila kuacha nafasi.

Zanzibar ilikuwa na uhusiano wa kibiashara na Marekani tangu mapema. Mkataba wa biashara ulitiwa saini mwaka 1833, na konseli wa kwanza wa Marekani akaanza kazi kisiwani mwaka 1837. Kitambaa cha pamba kutoka huko kilizoeleka kiasi cha kuitwa merikani. Mafuta ya taa yalifuata njia zilizokwisha kufunguliwa na kitambaa hicho. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, na ile ya kutoka Dar es Salaam ilipofika Kigoma mwaka 1914, bidhaa za dukani zilipata njia nyepesi ya kuingia bara, na makopo yakaenda pamoja nazo.

Jina la chombo lilitoka upande mwingine wa bahari. Neno debe linahusishwa na Kihindi na Kigujarati, ambamo maneno ya jamii ya dabba na dabbo hutaja kopo au kasha la bati. Hili si jambo la kushangaza, kwa kuwa sehemu kubwa ya biashara ya rejareja iliendeshwa na wafanyabiashara wenye asili ya Bara Hindi. Hivyo chombo cha Marekani kilipata jina la Kihindi na kupokewa katika ngeli ya Kibantu: debe hili, madebe haya.

Kwamba kopo lenyewe lilikuwa na thamani mbali na mafuta yaliyomo, wafanyabiashara wakubwa walilitambua kwa kuchelewa. Mwaka 1892 meli ya Murex, iliyomilikiwa na Marcus Samuel wa London, ilipita Mfereji wa Suez kuelekea Asia ikiwa imebeba mafuta ya Urusi ndani ya matangi yake. Samuel alitarajia kuyauza kwa bei nafuu, wanunuzi wakija na vyombo vyao. Wanunuzi wa Asia hawakukubali. Walikuwa wamezoea makopo ya buluu ya Standard Oil, ambayo mafuta yakiisha yaligeuzwa mapaa, ndoo na vyombo vya jikoni. Ililazimu Samuel aanzishe utengenezaji wa makopo yake mwenyewe, mekundu. Tukio hilo linaonesha kwamba mteja hakuwa akinunua mwanga peke yake. Alinunua pia bati.

3.0 Maisha ya Pili ya Debe

Katika Afrika Mashariki mambo yalikwenda vivyo hivyo. Debe lililokwisha mafuta lilikatwa upande wa juu, likawekewa kipande cha mti kuwa mshikio, na likawa chombo cha kuchotea maji. Mtungi wa udongo hupoza maji vizuri zaidi, lakini huvunjika. Debe likianguka hubonyea tu. Katika miji ya pwani wachukuzi wa maji walibeba madebe mawili kwa mzegazega, moja mbele na moja nyuma, na maji yakauzwa kwa debe.

Debe lililotoboka halikutupwa. Lilipasuliwa, likanyooshwa kwa nyundo, likawa bati la kuezekea au la kuzibia ukuta. Nyumba za madebe zilienea katika mitaa ya wafanyakazi ya miji ya kikoloni, ambako mishahara haikutosha kununua mabati mapya. Kwa hiyo debe lisitazamwe kwa jicho la upendo tu: paa la madebe lilikuwa ushahidi wa werevu wa mjenzi, na wakati huohuo ushahidi wa ufukara aliosukumiwa.

Mafundi bati nao walijenga ufundi mzima juu ya malighafi hii. Kutokana na madebe na makopo mengine walitengeneza vibatari, majiko ya makaa, karai, faneli na vimwagilia maji. Kibatari hasa kina mzunguko wa kuvutia: bati lililoleta mafuta ya taa lilirudi mezani likiwa taa ya kuyachoma mafuta hayohayo. Ufundi wa kugeuza bati kuukuu kuwa kifaa kipya unaonekana hadi leo Kamukunji mjini Nairobi na Katwe mjini Kampala, ingawa bati linalotumika sasa hutoka kwenye mapipa na mabaki ya viwanda.

4.0 Debe Kama Kipimo

Kazi iliyolipa debe uzito mkubwa zaidi katika historia ni ile ya kupima. Pwani ilikuwa tayari na mfumo wake: vibaba viwili vilifanya kisaga, na visaga viwili vilifanya pishi. Vitu vizito vilipimwa kwa frasila, yenye ratili 35 au karibu kilo 16. Mfumo huo ulijua pia tofauti kati ya kipimo cha mfuto, yaani kilichosawazishwa ukingoni, na kile kilichofurika.

Debe liliingia katika mfumo huu bila amri ya serikali. Sifa yake kuu ilikuwa kufanana: kwa kuwa makopo yalitoka kiwandani kwa ukubwa uleule, watu wawili wasiofahamiana wangeweza kuafikiana juu ya debe moja la mahindi bila mizani. Lilizoeleka kuhesabiwa kuwa lita 18 hadi 20. Debe la mfuto la lita 20 huchukua takribani kilo 15 za mahindi makavu, na gunia likahesabiwa kuwa la madebe sita. Hesabu hiyo inakaribiana na gunia la kilo 90 linalotumika katika biashara ya mahindi nchini Kenya.

Hata hivyo, ufanano wa chombo haukuleta usawa wa wapimaji. Nafaka ikirundikwa juu ya ukingo wa debe, kilele kidogo huongeza uzito unaokaribia kilo moja. Katika gunia la madebe sita nyongeza hiyo hufikia kilo kadhaa, na mkulima halipwi chochote kwa ajili yake. Debe likitikiswa au kushindiliwa, huchukua zaidi. Likibonyezwa ubavu, huchukua pungufu. Ndiyo maana mnunuzi anayekwenda shambani hupendelea debe lenye kilele, na mtu huyohuyo akifika mjini huuza kwa debe la mfuto.

Uhusiano huu ulionekana pia katika ujira. Katika mashamba ya kahawa ya Kenya wachumaji wamekuwa wakilipwa kwa idadi ya madebe waliyojaza. Hapo swali la kujaa kwa debe huwa swali la mshahara wa siku: msimamizi akisema halijajaa, mchumaji hurudi kwenye mibuni. Kwa mlipwaji, ukingo wa debe ulikuwa ndio mkataba wa kazi, na mkataba huo ulifasiriwa na upande mmoja.

Serikali za eneo hili zilijaribu kutatua tatizo kwa sheria za mizani na mfumo wa kilo. Lengo lilikuwa jema, lakini mazoea ya ujazo hayakufa. Nchini Tanzania na Kenya rumbesa au lumbesa, gunia lililojazwa kupita kiasi na kushonewa nyongeza juu, limeendelea kulalamikiwa na wakulima. Kwa hakika lumbesa ni kilele kilekile cha debe, kilichohamia kwenye gunia.

Kwa upande mwingine, wauzaji wadogo wameendelea kubuni vipimo kwa njia ileile iliyoleta debe. Kenya ina gorogoro, kopo la takribani kilo mbili za nafaka. Tanzania ina kisado, jina lililotokana na makopo ya rangi ya Sadolin. Uganda ina tumpeco, kikombe kilichorithi kifupisho cha jina la mtengenezaji wake, The Uganda Metal Products and Enamelling Company. Katika kila mfano, kifungashio au chombo cha kiwandani kimegeuzwa na soko kuwa kipimo, na jina la kibiashara limegeuzwa kuwa neno la kawaida.

5.0 Debe Katika Lugha

Kiswahili kimehifadhi historia hii kwa uaminifu mkubwa. Methali isemayo debe tupu haliachi kuvuma huhesabiwa miongoni mwa hekima za wahenga, lakini kwa umbo hilo haiwezi kuwa na umri mkubwa kuliko kopo la bati lenyewe. Hili halipunguzi thamani yake. Linathibitisha kwamba utungaji wa methali ni kazi inayoendelea, na kwamba wahenga wengine waliishi katika zama za reli na mafuta ya taa.

Sauti ya bati tupu ilizaa pia msemo wa kupiga debe. Katika vituo vya mabasi vya Tanzania wapiga debe ni wale wanaowaita abiria kwa kelele. Katika siasa, kumpigia debe mgombea ni kumnadi. Nchini Kenya neno limesonga mbele zaidi: debe ni sanduku la kura, na wagombea husemwa kukutana debeni. Maana hii inastahili kuzingatiwa. Chombo kilichozua ubishi wa kujaa na kutojaa sokoni kimekuwa jina la chombo ambacho hesabu yake hubishaniwa na taifa zima.

6.0 Hitimisho

Debe la bati linazidi kuwa adimu. Nafasi yake majumbani imechukuliwa na ndoo ya plastiki na dumu, au jerikani, ambalo asili yake ni chombo cha lita 20 kilichobuniwa kwa ajili ya jeshi la Ujerumani katika miaka ya 1930. Lakini anayepima mahindi kwa ndoo ya plastiki bado husema anapima debe. Chombo kimeondoka, kipimo kimebaki.

Makala haya yameonesha kwamba historia ya kitu cha kawaida si pambo la historia kubwa. Ndani ya debe zimekutana biashara ya bahari, kazi ya vibarua, ujenzi wa miji na ukuaji wa Kiswahili. Kamusi inayolieleza kuwa chombo cha bati cha mraba husema kweli, lakini huacha nje mfuto, kilele na ubishi wa ukingoni. Istilahi hizo ziko vinywani mwa wauzaji wa nafaka, wachumaji na mafundi bati wazee. Wanaisimu na wanahistoria wa nchi zinazotumia Kiswahili wanao wajibu wa kuzikusanya mapema, na makumbusho nayo yalitafutie debe nafasi karibu na siwa. Siwa ilitangaza ukuu wa wachache. Debe liliamua, siku baada ya siku, wengi watakula kiasi gani.