Fedha Ndani ya Mpira: Historia ya Gasketi Zinazopitisha Umeme

Mwaka 1836, Michael Faraday wa Uingereza alionyesha kwamba ganda la chuma lililofungwa pande zote huzuia umeme wa nje usifike ndani, na kanuni hiyo ndiyo iliyozaa ufundi wa kukinga mitambo dhidi ya mwingiliano wa sumakuumeme, yaani hali ya mawimbi ya chombo kimoja kuvuruga kazi ya kingine. Lakini kasha la redio au rada lazima liwe na kifuniko, na kwenye maungio ndiko kinga huvujia: kwa masafa ya gigahezi 1, ufa wa sentimita 15, ambao ni nusu ya urefu wa wimbi, hugeuka antena hata ukiwa mwembamba kama unywele.

Mwanzoni maungio hayo yalizibwa kwa wavu wa nyaya au vidole vya aloi ya shaba na berili, vilivyopitisha umeme barabara ila havikuzuia maji. Mpira wa silikoni, uliotoka viwandani Marekani katika miaka ya 1940, ulizuia maji na kustahimili baridi na joto, lakini umeme haukupita. Katika miaka ya 1960, makampuni kama Chomerics ya Massachusetts yaliuchanganya na unga wa fedha kutengeneza gasketi, yaani kizibo cha maungio, hadi chembe zikagusana na kuupa umeme njia. Unga ukipungua, chembe hazigusani. Ukizidi, mpira hukakamaa na hauwezi tena kubonyea ukaziba.

Fedha tupu ilikuwa ghali, hivyo ikapakwa juu ya chembe za shaba, na busara ya hatua hiyo ilidhihirika Januari 1980, wakia moja ya fedha ilipokaribia dola 50. Hata hivyo, chumvi ilitoa hukumu nzito kuliko bei. Metali mbili tofauti zikigusana penye maji ya chumvi, iliyo dhaifu huliwa. Kwa hiyo kwenye makasha ya alumini ya ndege na meli za kivita, gasketi ya fedha na shaba, ingawa ilipitisha umeme vyema zaidi, ililila kasha lenyewe na kuacha unga mweupe ukingoni. Ndipo alumini iliyopakwa fedha ikapendelewa, na palipo na mafuta ya ndege silikoni ikaachia nafasi florosilikoni, ambayo haivimbishwi kirahisi na mafuta hayo.

Sheria ya Ulaya iliyoanza kubana rasmi mwaka 1996 ilivitaka vyombo vya kiraia navyo visivurugane, na kwa soko hilo lisilomudu unga wa fedha, grafiti iliyopakwa nikeli ilitosha, kwa kuwa chembe zake ngumu hutoboa utando wa oksidi juu ya alumini na kuifikia metali.