Homa Isiyoisha Majuu: Jinsi ya Kujua ni Chavua ya Ragwidi Inakusumbua na Namna ya Kujipanga

Umetua Marekani, maisha yameanza kushika, halafu mwisho wa Agosti pua inaanza kutiririka kama mfereji uliovunjika. Unapiga chafya kumi mfululizo, macho yanawasha ni kama umepakwa pilipili. Mathe akipiga simu kutoka nyumbani anasema ni baridi, vaa sweta. Wiki tatu baadaye bado unatembea na tishu mfukoni. Msee, hiyo huenda si homa. Ni aleji ya ragwidi.

Ragwidi ni nini?

Ni gugu la jamii ya Ambrosia linalojiotea kando ya barabara, mashambani na kwenye viwanja vitupu. Majani yake yamechanika-chanika kama ya karoti, na maua ni madogo ya kijani ambayo hata hutayanotice. Wengi hulaumu maua ya njano yanayong'aa barabarani msimu huo huo, lakini chavua ya hayo ni nzito na hubebwa na wadudu. Ya ragwidi ni nyepesi, hupeperushwa na upepo na inaweza kusafiri mamia ya kilomita. Mmea mmoja unaweza kutoa hadi chembe bilioni 1 kwa msimu, kwa hivyo kung'oa yale yaliyo nje ya keja yako pekee hakutakuokoa.

Msimu huanza katikati ya Agosti, hufika kilele Septemba na huisha baridi ya kwanza inapogandisha mimea. Walio Minnesota hupumua mapema kuliko walio Texas, ambako mambo yanaweza kuendelea hadi Novemba.

Mbona mwaka wa kwanza ulikuwa fiti?

Mwili hauzaliwi na aleji hii. Lazima ukutane na chavua kwanza ndipo uanze kuichukulia kama adui. Ndiyo maana mtu anaweza kukaa msimu mmoja au kadhaa akiwa poa, kisha ghafla mambo yanageuka.

Tofautisha na homa

• Homa ya kawaida huisha kwa siku 7 hadi 10. Aleji hukukalia wiki kadhaa.
• Aleji haipandishi joto la mwili.
• Kamasi ni jepesi kama maji, na pua, macho na koo huwasha.
• Hurudi karibu tarehe zile zile kila mwaka.
• Wengine huwashwa mdomo wakila tikiti maji, ndizi au tango, kwa sababu protini zake zinafanana na za ragwidi.

Hapa ndipo wengi huchomeka: wanafungua sanduku na kumeza antibiotiki walizobeba kutoka nyumbani. Antibiotiki huua bakteria, na chavua si bakteria. Unamaliza dawa, chafya iko pale pale.

Jipange hivi

Tembe za cetirizine au loratadine huuzwa bila karatasi ya daktari. Piriton tuliyoizoea pia husaidia, lakini inalaza, kwa hivyo usiimeze ukielekea kuendesha gari au kuingia shifti ya usiku. Dawa ya kupuliza puani yenye fluticasone hufanya kazi vizuri zaidi ukianza wiki 2 hivi kabla ya msimu. Zile za kuzibua pua haraka zisizidi siku 3, la sivyo pua itaziba zaidi. Ukiosha pua kwa maji ya chumvi, tumia maji yaliyochemshwa na kupoa, si ya mfereji moja kwa moja.

Keja nayo? Funga madirisha, oga na uoshe nywele ukirudi jioni, na usianike nguo nje. Tunajua umezoea kamba na jua, lakini shuka lenye chavua litakutesa usiku kucha.

Ikikushinda kila mwaka, muone daktari wa aleji. Kuna sindano za kuzoesha mwili, ambazo huchukua miaka 3 hadi 5, na pia tembe ya kuweka chini ya ulimi inayoanzwa wiki 12 kabla ya msimu. Hiyo ni Mei, si Septemba ukiwa tayari unalia.

Usicheze na hii

Ukiwa na pumu, ragwidi inaweza kuiamsha vibaya. Kifua kikibana, pumzi ikipiga mluzi au ukishindwa kumaliza sentensi, tumia inhela yako na upige 911. Usingoje asubuhi eti unaogopa bili.

Kwa sasa, weka kumbusho kwenye simu: Agosti 1, nunua dawa. Septemba ikifika, ikupate ushajipanga.